Mji Ulioikana Sahihi Yake

Kila hatifungani mpya ya umma inapotangazwa, watu huuliza swali lilelile. Wameshasikia redioni kwamba taasisi fulani inakopa kwa wananchi, riba inavutia, na hata mwenye kipato cha kawaida anaweza kushiriki. Kisha mmoja anasema: "Sawa, lakini wakikataa kulipa nitakwenda wapi? Niishtaki serikali mbele ya mahakama za serikali hiyohiyo?" Ni swali la haki kabisa, hasa tangu mwaka 2024, Mamlaka ya Maji ya Tanga ilipouza hatifungani ya miaka 10, ikakusanya zaidi ya shilingi bilioni 50 na kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Tuanze na neno lenyewe. Hatifungani ni hati ya deni. Anayekopa anaahidi kwa maandishi kukurudishia fedha zako siku fulani, na kabla ya siku hiyo kukulipa riba kila baada ya miezi kadhaa. Inatofautiana na mkopo wa kawaida kwa sababu inauzika. Ukibanwa na ada za watoto leo, unamuuzia mtu mwingine, naye anakuwa mdai badala yako.

Wengi wanaouliza swali lile wanaogopa mdaiwa atakayesema hana fedha. Huyo si wa kuogopwa sana. Asiye na fedha mwaka huu huenda akazipata mwakani, na deni linabaki deni. Wa kuogopwa ni mdaiwa anayesema: "Fedha ninazo, lakini deni lile halikuwa halali tangu siku ya kwanza. Sikuwa na mamlaka ya kukopa, na mahakama yangu imekubali." Hapo hata ungesubiri miaka mia, hakuna cha kusubiri, kwa sababu hati uliyoishika imegeuka karatasi tupu.

Hilo lilitokea katika jimbo la Iowa, Marekani, na mwaka 1864 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikalazimika kutoa jibu. Kesi inaitwa Gelpcke dhidi ya Mji wa Dubuque. Nimeipa sura nzima kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na hoja ya kweli, na kwa sababu hadi leo sijaona kesi inayoonyesha vizuri zaidi jinsi hasara ya umma inavyoweza kumwangukia mtu ambaye hakuisababisha.

Kila mji ulitaka reli

Dubuque upo ukingoni mwa Mto Mississippi, upande wa magharibi. Ulikua kwa madini ya risasi, na kufikia mwaka 1860 ulikuwa na watu wapatao 13,000. Ng'ambo ya mto, upande wa Illinois, reli zilikuwa zinasogea kwa kasi kutoka Chicago. Iowa yenyewe ilikuwa na ardhi nyeusi yenye rutuba isiyo na mfano, lakini mahindi na nguruwe wa mkulima aliyekaa kilomita 100 kutoka mtoni yalipoteza thamani kabla ya kufika sokoni. Barabara zilikuwa za udongo. Mvua ikinyesha, mkokoteni ulizama hadi ekseli.

Treni ya kwanza iliingia Iowa City mwanzoni mwa 1856, kutoka Davenport. Miezi michache baadaye, daraja la kwanza la reli juu ya Mississippi lilifunguliwa hapohapo Davenport. Watu wa Dubuque waliona wazi kilichokuwa kinakuja. Mji utakaopata reli utakuwa mkubwa, na utakaokosa utabaki kuwa gati la mashua. Davenport walikuwa wametangulia. Mtu wa leo anaweza kuwaona wapumbavu kwa jinsi walivyokimbilia kukopa. Mimi siwaoni hivyo. Hofu yao ilikuwa na msingi, na ipo miji mingi ya katikati ya Marekani iliyokufa kweli kwa kukosa reli.

Tatizo lilikuwa mtaji. Kampuni za reli za Iowa zilikuwa na ramani, vibali na wakurugenzi wenye maneno matamu, ila hazikuwa na fedha. Fedha zilikuwa New York, Boston na London, na wenye fedha hawakuwa tayari kumkopesha mtu asiyejulikana mwenye ramani. Mji walikuwa tayari kuukopesha, kwa sababu mji hauhami. Una nyumba, viwanja na maduka, na juu ya vyote hivyo una uwezo wa kutoza kodi.

Fedha zilivyozunguka

Mpango ulikuwa hivi:

1. Bunge la jimbo linatunga sheria inayoruhusu mji kusaidia reli, na wakazi wanapiga kura kukubali.
2. Mji unanunua hisa za kampuni ya reli, yaani unakuwa mmoja wa wamiliki wake. Kwa kuwa hauna fedha taslimu, unalipia hisa hizo kwa hatifungani.
3. Kampuni inapeleka hatifungani hizo New York na kuziuza, mara nyingi kwa bei ya chini ya thamani iliyoandikwa.
4. Kwa fedha hizo kampuni inajenga reli. Reli inaleta faida, faida inagawiwa kwa wenye hisa, na mji unatumia mgawo wake kulipa riba.

Kwenye karatasi mzunguko huo unapendeza, kwa sababu unaonekana kujilipa wenyewe. Lakini uangalie tena uone nani yuko hatarini. Kampuni ikishauza hatifungani, fedha imo mfukoni mwake. Anayedaiwa na watu wa New York ni mji. Reli ikikwama njiani, hisa za mji zinakuwa takataka, lakini deni halipungui hata senti moja.

Dubuque ilitoa hatifungani 250 za dola 1,000 kila moja kwa ajili ya kampuni ya Dubuque Western, chini ya sheria iliyopitishwa na bunge la jimbo Januari 1857. Jumla dola 250,000. Ukiigawa kwa idadi ya watu wa mji ule, watoto wakiwemo, inakaribia dola 20 kwa kila kichwa, katika zama ambazo kibarua alipata kama dola moja kwa siku. Na hiyo ilikuwa kampuni moja tu.

Hatifungani za wakati ule zilikuwa na umbo ambalo leo limepotea. Karatasi ilikuwa kubwa, imepambwa kwa picha na muhuri, na upande mmoja ilikuwa na safu za vipande vidogo kama stempu, kila kimoja kikiwa na tarehe yake. Kila kipande kiliitwa kuponi. Tarehe ikifika, mwenye hati alichukua mkasi, akakikata kipande kile na kukipeleka benki apewe riba yake. Jina lake halikuandikwa popote. Mwenye kuishika kuponi ndiye mwenye kulipwa. Kwa sababu hiyo hati hizo zilipita mkono kwa mkono kirahisi, na kufikia siku ya kesi, aliyezishika alikuwa mtu ambaye huenda hakuwahi kukutana na mkazi yeyote wa Dubuque.

Hati za Dubuque ni za Julai 1857. Agosti mwaka huohuo taasisi kubwa ya fedha ya Ohio ilianguka, na hofu ikaenea Marekani nzima. Benki zilifunga milango, bei za mazao na viwanja zikaporomoka, na ujenzi wa reli ukakwama sehemu nyingi. Katika majira yale ya kiangazi pia, wananchi wa Iowa walipitisha Katiba mpya ya jimbo. Ilikuwa na mambo mawili ambayo msomaji ayaweke akilini. Kwanza, iliwekea miji na kaunti kikomo cha deni: asilimia 5 ya thamani ya mali zinazotozwa kodi. Pili, iliamua kwamba majaji wa Mahakama ya Juu ya Iowa wachaguliwe kwa kura za wananchi.

Mahakama ya Iowa yageuka

Tangu 1853 Mahakama ya Juu ya Iowa ilikuwa imeulizwa mara kadhaa kama miji na kaunti zina mamlaka ya kukopa kwa ajili ya reli. Kila mara ilijibu ndiyo, ingawa si kwa sauti moja, kwani tangu mwanzo kulikuwa na jaji aliyepinga. Wanunuzi wa New York walizisoma hukumu hizo. Mawakili wao waliwaambia kwamba Katiba ya Iowa inaruhusu, bunge limeruhusu, wananchi wamepiga kura na mahakama ya juu kabisa ya jimbo imebariki. Wakatoa fedha.

Mwaka 1859 majaji walianza kusita. Mwaka 1862, katika kesi iliyohusu kaunti ya Wapello, waligeuka kabisa. Walisema hukumu zote za nyuma zilikosea. Bunge halikuwa na mamlaka ya kuiruhusu miji kununua hisa za kampuni binafsi za reli na kuwatoza wananchi kodi kwa ajili hiyo. Kwa hiyo hatifungani zile ni batili, na hazikuwahi kuwa halali.

Hukumu hiyo haikusema tu kwamba kuanzia sasa miji isikope. Ilirudi nyuma ikafuta na yaliyokwishafanyika. Nao majaji walikuwa watu wa palepale, wakichaguliwa na walipakodi walewale waliokuwa wanalemewa na deni. Sisemi kwamba walihukumu kwa kutafuta kura. Hoja yao ya kisheria ilikuwa na uzito, na wenzao wa nyuma waliopinga waliitoa kabla ya anguko la fedha. Lakini aliyekuwa New York na kuponi mkononi hakuwa na kura Iowa, na alijua hivyo.

Dubuque ikaacha kulipa. Utetezi wake mahakamani ulikuwa mzito kuusema mbele za watu: kwamba Dubuque yenyewe ilivunja Katiba ilipokopa, na kwa sababu ya kosa lake yenyewe isidaiwe.

*Kwa kifupi:* mji ulikopa kwa idhini ya bunge, ya wananchi na ya mahakama. Miaka mitano baadaye mahakama ikasema idhini ile haikuwa na nguvu.

Mlango wa pili

Kama Gelpcke na wenzake, waliokuwa wafanyabiashara wa fedha wa New York, wangekwenda mahakama za Iowa, kesi ingeisha asubuhi moja. Lakini Marekani ina mfumo wa mahakama wa aina mbili unaokwenda sambamba. Kila jimbo lina mahakama zake, na juu ya nchi nzima zipo mahakama za shirikisho, yaani za serikali kuu. Katiba ya Marekani inasema kwamba raia wa jimbo moja akigombana na raia wa jimbo jingine, anaweza kwenda mahakama ya shirikisho. Waasisi walihofu kwamba mgeni hatapata haki sawa mbele ya majaji wa nyumbani kwa mpinzani wake.

Hivyo watu wa New York waliishtaki Dubuque katika mahakama ya shirikisho iliyokaa Iowa. Hawakudai mtaji wote, kwa sababu muda wake ulikuwa haujafika. Walidai kuponi, zile za riba zilizokwishaiva. Walishindwa, kwa kuwa jaji aliifuata hukumu mpya ya Iowa. Wakakata rufaa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, Washington, wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea.

Kulikuwa na kikwazo. Sheria ya tangu 1789 ilizitaka mahakama za shirikisho kufuata sheria za jimbo husika katika kesi za aina hii. Na katika mfumo wa Marekani, msemaji wa mwisho kuhusu maana ya Katiba ya jimbo ni mahakama ya juu ya jimbo hilo. Iowa ilikwishasema. Je, majaji wa Washington wangeweza kuwaambia watu wa Iowa kwamba hawaielewi Katiba yao wenyewe?

Swayne na Miller

Majaji wawili walioandika katika kesi hii waliteuliwa na Rais Abraham Lincoln mwaka mmoja, 1862. Kufanana kwao kunaishia hapo.

Noah Swayne alitoka Ohio, na alikuwa wakili mwenye wateja wakubwa wa biashara. Ndiye aliyeandika hukumu ya walio wengi, iliyotolewa Januari 1864. Alianza kwa kusema kwamba kwa kawaida mahakama yake hufuata tafsiri mpya kabisa ya mahakama ya jimbo. Kisha akakataa kuifuata hii. Mkataba, alisema, upimwe kwa sheria ilivyokuwa siku ulipofungwa, na jinsi vyombo vyote vya serikali, mahakama ikiwemo, vilivyoieleza siku hiyo. Ukiwa halali siku hiyo, haufi kwa sababu bunge limebadili nia baadaye, na haufi kwa sababu majaji wamebadili nia baadaye.

Swayne hakuandika kwa upole. Aliitaja hukumu ya Wapello kama jambo la pekee lisilo la kuonewa wivu, akaorodhesha mahakama za majimbo mengi zilizosema kinyume chake, na akatumia picha ya madhabahu na kafara kusema kwamba mahakama yake haitachinja haki kwa sababu tu mahakama ya jimbo imejenga madhabahu. Majaji wa Iowa hawakuusahau ukali huo.

Kuelewa hoja yake ukiwa nyumbani kwako, chukua mfano wa kiwanja. Umenunua mwaka 2015, baada ya mahakama ya juu ya nchi yako kuamua mara nne kwamba wauzaji wa aina ile wana haki ya kuuza. Umejenga, umehamia. Mwaka 2022 mahakama ileile inasema ilikosea mara zote nne. Walio wengi tungesema mahakama ina haki ya kusahihisha njia yake kwa wanunuzi wa kesho, lakini wewe uliyenunua kwa kuliamini neno lake usifukuzwe. Swayne alisimama hapo, na kwa upande huu nakubaliana naye. Serikali inayowaalika watu kwa sahihi yake, kisha ikaikana sahihi hiyo watu walipokwishatoa fedha, inaharibu kitu kisichojengwa upya kwa urahisi.

Samuel Miller peke yake aliandika kupinga. Alizaliwa Kentucky, akasomea udaktari na kutibu watu kwa miaka kabla hajawa wakili. Mwaka 1850 alihamia Keokuk, mji mwingine wa Iowa kando ya Mississippi, uliokopa kwa ajili ya reli na kuzama kwenye deni baada ya 1857. Viwanja viliuzwa kwa bei ya kutupa, majirani wakafilisika. Kati ya majaji wote waliokaa pale Washington, yeye ndiye aliyeishi mahali deni lilipoangukia.

Hoja yake, hata hivyo, haikuwa ya huruma. Ilikuwa ya mamlaka. Aliwauliza wenzake walikuwa wanatumia sheria gani. Katiba ya Marekani inakataza jimbo kutunga sheria inayodhoofisha mikataba, lakini hukumu ya mahakama si sheria iliyotungwa na bunge, na isitoshe wenzake hawakusema waziwazi kwamba wanategemea kifungu hicho. Ni sheria ya Iowa, na mwenye neno la mwisho juu yake ni Iowa.

Kisha akaonyesha matokeo yake. Fikiria hatifungani mbili zilizotolewa siku moja, kwa maandishi yaleyale na sahihi ileile. Moja imo mikononi mwa mwalimu wa Dubuque. Nyingine ipo kwa tajiri wa New York. Kuponi zinaiva siku moja. Mwalimu hawezi kwenda mahakama ya shirikisho, kwa kuwa yeye na mji wake ni wa jimbo moja. Anakwenda mahakama ya jimbo na kuambiwa hati yake ni batili. Tajiri anakwenda mahakama ya shirikisho, pengine katika mji uleule, na kuambiwa hati yake ni halali, alipwe na gharama juu. Na kodi ya kumlipa tajiri itatozwa kwa nani? Kwa mwalimu, pamoja na majirani zake.

Hilo si jambo la kubuni. Ndivyo ilivyokuwa Iowa kwa miaka mingi baada ya hukumu, kwa sababu mahakama ya jimbo ilikataa kurudi nyuma, ikaendelea kusema hati ni batili. Mwenye hati aliyekuwa mkazi wa Iowa alikuwa na njia moja tu: kumuuzia mtu wa nje.

*Kwa kifupi:* Swayne aliangalia ahadi iliyotolewa, Miller aliangalia nani mwenye mamlaka ya kuamua. Swayne alimpatia mdai haki kwa kuchukua mamlaka ambayo ni vigumu kuonyesha aliyatoa wapi.

Hukumu ipo, fedha hakuna

Kushinda kesi dhidi ya mji ni jambo moja, na kulipwa ni jambo jingine. Huwezi kulipiga mnada jengo la halmashauri wala mtaa wenye mabomba ya maji. Mji hulipa kwa kutoza kodi, na kodi hutozwa na madiwani. Wadai waliomba mahakama za shirikisho ziwaamuru madiwani hao watoze kodi ya kutosha kulipa. Amri ya namna hiyo, inayomlazimisha ofisa wa umma kutimiza wajibu wake, ina adhabu nyuma yake: asiyetii anafungwa.

Mahakama za Iowa zikatoa zuio, yaani amri ya kukataza, kwamba kodi hiyo isitozwe. Diwani akajikuta katikati. Akitoza anavunja amri ya jimbo, asipotoza anavunja amri ya shirikisho, na jela ipo pande zote mbili. Mwaka 1868, katika kesi iliyohusu kaunti ya Johnson, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba zuio la jimbo haliwezi kuisimamisha amri ya shirikisho. Miller alipinga tena, akashindwa tena.

Siku hizo majaji wa Mahakama ya Juu walikuwa na wajibu wa kuzunguka mikoani kusikiliza kesi, na mzunguko wa Miller ulikuwa na Iowa ndani yake. Kwa hiyo mtu aliyeandika kwamba hatifungani hizi zisilipwe ndiye aliyekaa mbele ya viongozi wa kaunti za Iowa na kuamuru wafungwe kwa kukataa kuzilipa. Aliifanya kazi hiyo miaka na miaka, na katika barua zake binafsi aliiita jambo chungu kuliko yote katika maisha yake ya ujaji. Ninamheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa maandishi yake yoyote.

Hasira haikukomea Iowa. Jirani, Missouri, kaunti zilikuwa zimekopa kwa reli ambazo nyingine hazikujengwa kabisa. Aprili 1872, karibu na Gunn City katika kaunti ya Cass, umati wenye silaha uliisimamisha treni na kuwaua watu watatu waliohusishwa na hatifungani za kaunti hiyo, mmoja wao akiwa jaji wa kaunti. Kwingineko Missouri viongozi wa kaunti walijificha ili maofisa wa shirikisho wasiwapate kuwakabidhi amri. Mamia ya kesi za aina hii zilifika Washington katika miongo iliyofuata, na mara nyingi wadai walishinda.

Ambaye hakuitwa mahakamani

Ukisoma hukumu hizi zote, utaona watu wawili wanaovutana: mwenye kuponi na mlipakodi. Mmoja alitoa fedha zake kwa kuamini mahakama. Mwingine anatozwa kwa reli ambayo huenda hakuwahi kuisikia ikipiga honi. Yote mawili ni malalamiko ya kweli.

Na mtu wa tatu yuko wapi? Wakurugenzi wa kampuni waliopokea hatifungani, wakaziuza kwa bei ya kutupa, wakalipana mishahara na kutoa kandarasi kwa jamaa zao, kisha kampuni ikafilisika? Hatuna haja ya kuwashuku wote. Wengine walipoteza mali zao wenyewe katika anguko la 1857. Lakini mkataba uliandikwa kwa namna ambayo, heri au shari, wao hawadaiwi. Miji mingi ilikabidhi hati zote mwanzoni, kabla reli haijajengwa, badala ya kuzitoa kidogo kidogo kila kipande cha reli kinapokamilika. Hilo lingeweza kuandikwa kwenye mkataba kwa sentensi moja, na kaunti nyingine ziliiandika. Swayne na Miller walibishana kwa ufasaha mkubwa kuhusu nani abebe hasara, wakati mlango ambao hasara iliingilia uliachwa wazi siku ya kwanza, kwenye meza ya baraza la mji.

Majimbo yalijifunza kwa gharama. Illinois, katika Katiba yake ya 1870, ilikataza miji na kaunti kununua hisa za reli. Missouri ilifuata mwaka 1875.

Karatasi iliyozaliwa na ugomvi huu

Kuna mtu mwingine wa Iowa aliyeanza kama daktari kisha akawa mwanasheria: John F. Dillon wa Davenport. Akiwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Iowa miaka ya 1860, aliweka kanuni ambayo bado ina jina lake Marekani: mji hauna mamlaka yoyote ila yale uliyopewa wazi na jimbo, au yale ambayo hayatenganishiki na hayo. Baadaye akateuliwa jaji wa shirikisho, na hapo akalazimika kuwalipisha watu wa Iowa hatifungani ambazo mahakama yake ya zamani iliziita batili. Mwaka 1872 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu sheria za miji, na miaka minne baadaye kingine kuhusu hatifungani zao.

Kutokana na vurugu hizo, wanunuzi wa New York walianza kudai kitu kipya kabla ya kutoa fedha: barua ya mwanasheria huru, asiye mtu wa mji wala wa kampuni, inayosema kwamba ameisoma Katiba, sheria, kumbukumbu za kikao na matokeo ya kura, na kwamba deni hili ni halali. Kwa Marekani, hadi leo hatifungani ya mji isiyo na barua hiyo ni vigumu kuuzika. Nawe ukifungua waraka wa matarajio, yaani kile kijitabu ambacho mkopaji hutoa kabla ya kuuza hatifungani, usiishie kwenye ukurasa wa riba. Tafuta mambo haya:

- sheria gani inampa mkopaji mamlaka ya kukopa, na kikao gani kiliidhinisha;
- fedha zitatolewa kwa mkandarasi kwa awamu au zote mara moja;
- malipo yatatoka kwenye mapato gani, na nani anadhamini mapato yakipungua;
- mwanasheria aliyetoa maoni analipwa na nani.

Jambo la kwanza ndilo zito kuliko yote, na Miller mwenyewe alipata nafasi ya kulionyesha. Mji wa Topeka, Kansas, ulikuwa umetoa hatifungani za dola 100,000 kukisaidia kiwanda binafsi cha kutengeneza madaraja ya chuma. Kesi ilipofika Washington mwaka 1874, yeye ndiye aliyeandika hukumu ya walio wengi: kodi haitozwi kumtajirisha mtu binafsi, kwa hiyo mji haukuwa na mamlaka, na mwenye hati hakulipwa. Hukumu ya Gelpcke haikumsaidia, kwa sababu watu wa New York walizinunua hatifungani za Dubuque wakiwa na hukumu za mahakama ya jimbo nyuma yao. Mnunuzi wa Topeka hakuwa na kinga ya namna hiyo.

Kenya imeliandika sharti hilo ndani ya Katiba yake ya 2010. Ibara ya 212 inasema serikali ya kaunti inaweza kukopa endapo tu serikali ya kitaifa imedhamini mkopo huo na bunge la kaunti limeuidhinisha. Masharti ni mawili, na yamewekwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuyasoma. Anayenunua hatifungani ya kaunti bila kuiona dhamana hiyo kwa macho yake yuko upande wa mnunuzi wa Topeka, hata kama riba aliyoahidiwa ni kubwa kiasi gani.